Aliyenong'ona Bombani

Jioni ile nilikuwa nagawa chupa za dawa. Kikapu mkononi, ukungu umetanda mpaka huoni viatu vyako mwenyewe, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu. Ilikuwa Novemba, na huku kwetu Yorkshire mwezi huo saa tisa na nusu alasiri taa za barabarani zinawashwa. Chupa ya mwisho niliibakiza makusudi. Ilikuwa ya binti yangu Hetty, aliyekuwa amelala mgonjwa kwa dada yangu Dorcas, Mtaa wa Mferejini.

Nijitambulishe kabisa, maana watu wa mji huu wanaisimulia habari hii kwa jina langu na wanaikosea. Naitwa Keziah Holroyd. Nilikuwa mtunza nyumba wa Dokta Ambrose Thackwray, lakini sikuingia kwake kama mtunza nyumba. Niliingia kama ziwa. Mkewe alifariki akimzaa Lettice, tuliyemwita Letty, na siku hizo mimi nilikuwa na Hetty wa wiki tatu na mume aliyekwisha kuzikwa. Daktari alitafuta maziwa, mimi nilitafuta chakula. Nikahamia kwake. Hetty nikamwacha kwa Dorcas, nikawa nakimbia kumnyonyesha jioni nikipata nafasi, kwa kile kilichobaki. Ndivyo walivyoishi wanyonyeshaji wote wa kuajiriwa, na wala hakuna aliyeshangaa.

Kwa hiyo Letty na Hetty walinyonya ziwa moja. Mmoja alianza, mwenzake akamalizia.

Walikua wakipendana vibaya sana. Mtoto wa daktari na mfumaji wa kiwandani, lakini wakikutana jikoni kwangu huwatambui nani ni nani kwa kicheko. Hata sauti walifanana. Nilikuwa nawaambia ni maziwa yangu yanayocheka.

Basi nikamkuta Hetty amekaa kitandani karibu na moto, shali shingoni.

"Toa ulimi," nikamwambia.

"Mama, wewe ni mpishi." Sauti ilikuwa imekwisha. Mnong'ono mtupu.

"Mpishi ndiye aliyekuzaa. Toa ulimi."

Akautoa, huku anacheka kwa macho. Kule nyuma ya koo niliuona ule utando wa kijivu. Ulikuwa umepanuka kuliko asubuhi. Dondakoo. Msimu ule lilikuwa limeshachukua watoto kumi na mmoja mjini kwetu, na watu wazima wawili. Daktari alikuwa amempima asubuhi ile na kutuambia waziwazi: utando bado haujashuka. Siku akianza kuvuta pumzi kwa mlio, niiteni pale pale. Nikifika mapema nitampasua chini ya koo nimtie kijibomba cha fedha, na ataishi.

"Unaniangalia kama maiti," Hetty akanong'ona.

"Nakuangalia kama mtu mvivu asiyetaka kwenda kazini."

Nilitaka kubaki. Dorcas ndiye aliyenisukuma mlangoni. "Nenda kampe mzee chai yake, uombe ruhusa, urudi ulale hapa. Nusu saa haiui mtu."

Nikaenda. Kutoka Mtaa wa Mferejini mpaka kwa daktari ni mwendo wa robo saa, kupanda. Niliupanda nikiomba.

Sasa lazima niwaambie kilichokuwa kikiendelea kwenye ile nyumba, la sivyo mtatuona wote wendawazimu.

Letty alikufa miaka miwili kabla, kwa ugonjwa huo huo. Alikuwa na miaka kumi na saba. Baba yake alikuwa daktari msomi wa Edinburgh, na madaktari wa aina yake enzi zile hawakushika kisu. Wao walipima, walifikiri, waliandika dawa. Kukata watu ilikuwa kazi ya mpasuaji, mtu wa daraja la chini. Dokta Thackwray hakuwa na maringo, ila hakuwahi kufundishwa. Koo la Letty lilipoziba alimwita mpasuaji kutoka mji wa jirani, aje kwa treni. Treni ilichelewa. Alikaa amemshika mkono mwanawe, kisu kiko mezani hatua mbili kutoka alipo, akamwangalia akikata roho. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni.

Baada ya mazishi alijifunza kupasua. Akaokoa watoto saba. Haikumtuliza hata kidogo.

Ndipo akaanza kwenda kwa Mama Ormerod. Huyu alikuwa mke wa fundi wa mitambo ya kufumia, mnene, mpole, na kila Jumapili jioni alikalisha watu kuizunguka meza sebuleni kwake, taa ikashushwa, na wafu wakagonga. Mtu mmoja anasoma alfabeti polepole, meza inagonga kwenye herufi, herufi zinakuwa jina. Mimi ni mtu wa kanisa. Nilimwambia bwana wangu bila kumung'unya maneno.

"Bwana, vyeti vyako vyote vile, halafu unakaa gizani unaisikiliza meza."

"Vyeti vyangu vilimfanyia nini Letty, Keziah?"

Nikaenda kuosha vyombo.

Meza ilimwandikia mambo madogo madogo, na angeweza kuridhika na hayo. Lakini mwezi wa Septemba kitu kikatufuata nyumbani.

Nyumba za madaktari huwa na bomba la kusemea. Ni bomba la bati lililopita ndani ya ukuta, kutoka mlango wa mbele mpaka kitandani kwa daktari. Mgonjwa akifika usiku anapuliza mdomo wa chini, na kule juu kuna kifirimbi kimechomekwa kwenye mdomo wa pili, kinalia. Daktari anakichomoa, anasikiliza, anauliza: nani, na wapi panauma. Hana haja ya kushuka.

Siku moja ya Septemba hiyo, saa kumi na nusu jioni, kililia. Akakichomoa.

"Baridi, baba..."

Hivyo tu. Kwa mnong'ono ule ule wa siku zake za mwisho.

Niliposimuliwa nilisema ni upepo. Kesho yake nikapanda naye, nikasikia mwenyewe, nikakaa kwenye kapeti. Yule mtoto nimemlea tangu ana saa moja duniani. Alikuwa yeye.

Mwezi mzima daktari alimjibu. Kila jioni alikaa pale, mdomo kwenye bomba, akimbembeleza. Njoo, mwanangu. Niko hapa, Letty. Yeye anajibu neno lile lile, baridi, baba, baridi. Daktari akakonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Chumba kilinuka unyevu, kama handaki. Ukigusa bati la bomba lilikuwa la baridi kiasi cha kuunguza.

Mwisho alimwandikia rafiki yake wa zamani London, ambaye alikuwa amejiunga na undugu wa Wathiosofia, watu wanaosoma vitabu vya hekima vya Mashariki na kutafuta siri za uhai. Yakaja majibu marefu, na vitabu viwili. Daktari alisoma siku tatu. Siku ya nne akashuka jikoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akakaa kwenye kiti changu.

"Keziah, tumemfanyia mtoto ukatili."

"Ukatili gani, bwana?"

"Yeye anataka kulala, sisi tunamwamsha."

Akanieleza. Mtu akifa, roho yake hupanda taratibu kwenda kupumzika, na nyuma huacha ganda. Ganda lina jina lake, sauti yake na vijitabia vyake, kama koti linavyobaki na harufu ya mwenyewe. Ukiliita, linaitika. Lakini ndani hamna mtu. Linajilisha nguvu za aliye hai, na kila ukilijibu unaivuta ile roho yenyewe irudi chini kwenye baridi.

"Kwa hiyo yule wa bombani siye Letty?"

"Siye. Ni vazi lake."

"Na utajuaje? Kama angekuwa ni yeye kweli, ungejuaje?"

Alifikiri kidogo. Sura yake ilikuwa imechakaa kwa huzuni. "Ganda haliwazi jipya. Linarudia yale yale. Na halimjali mtu mwingine yeyote, linajililia lenyewe na kujitaja lenyewe. Roho ndiyo inayopenda."

Kisha akanishika mkono, mimi mtumishi wake. "Hatutamjibu tena. Hata akilia. Niapie, Keziah. Ukiniona nalegea, wewe ndiye uzibe."

Nikaapa. Nilimhurumia mno. Mtu anampenda mwanawe, halafu anaambiwa upendo uliobaki ni kuziba masikio.

Wiki tatu tulikaa hivyo. Kila saa kumi na nusu kifirimbi kinalia, yeye anakaa ameshika kichwa, mimi nasimama mlangoni. Wagonjwa tuliwaambia jioni waje kwangu mlango wa jikoni, wasipulize bomba mpaka ipite saa kumi na moja. Kila siku kililia kwa unyonge zaidi. Siku mbili za mwisho hakikulia kabisa, na daktari alilia yeye.

Haya. Turudi kwenye jioni ile.

Nilifika nyumbani, nikateka maji, nikachemsha chai. Nikabeba trei na kupanda. Nilikuwa nimeshapanga maneno: bwana, Hetty utando umepanuka, tafadhali njoo umwone sasa hivi, na mimi nilale kule. Nilimkuta ameketi karibu na kitanda, kitabu magotini, hasomi.

Nikafungua mdomo.

Kifirimbi kikalia.

Hakikulia kinyonge. Kililia kwa nguvu, kirefu, kama mtu aliyepuliza kwa pumzi yake yote. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na nusu kamili.

"Bwana, huenda ni mtu wa Dorcas..."

"Mtu wa Dorcas angekuja jikoni. Si ulimwambia?"

Nilimwambia. Kweli nilimwambia.

Kikalia tena. Daktari akanyoosha mkono, akakichomoa, akatega sikio bila kusema neno. Nikaona rangi ikimtoka usoni.

"Ni yeye," akasema. "Sasa anajitaja jina."

Akanipa mdomo wa bomba. Sijui kwa nini alinipa. Labda alitaka mtu mwingine ashuhudie. Nikaweka sikio kwenye bati, baridi ikanichoma mpaka kwenye jino. Kwanza nilisikia pumzi. Halafu harufu ikapanda, ya siki na kiberiti cha kufukizia chumba cha mgonjwa. Halafu mnong'ono, wa haraka, wa kukatika katika.

"...etty ...etty ...etty..."

Lile bati lilikuwa linameza herufi ya kwanza. Lakini sauti niliijua. Letty. Mtoto wangu wa maziwa, anahema kama amekimbia.

"Linajitaja lenyewe," daktari akanong'ona. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Kama walivyoandika. Ziba, Keziah. Mimi sitaweza."

Na mimi nikaziba.

Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikakisokota, nikakisukumiza ndani ya bomba kwa kidole gumba mpaka kikashika. Niliona nafanya wema. Nilisema hata kimoyomoyo, lala, mwanangu, lala.

Tukakaa tukiitazama chai. Moto ulikuwa unatoa sauti ndogo mekoni. Chai ilipoa.

Kisha kitambaa kikasogea.

Kilikuwa kinatoka. Taratibu, kidogo kidogo, kama ulimi. Kitambaa kile nilikishindilia kwa nguvu za mikono inayokanda unga kila siku, na kilikuwa kinasukumwa kutoka upande wa pili. Kikaanguka kwenye kapeti. Kilikuwa kimelowa chepechepe.

"...etty ..."

Mara moja tu. Dhaifu. Halafu pumzi ndefu ya kukata tamaa, na kimya.

Nilishuka ngazi nikikimbia. Sikuomba ruhusa. Nilifungua mlango wa mbele, ukungu ukaingia ndani. Hapakuwa na mtu. Ngazi za mlangoni zilikuwa zimefunikwa na umande, na juu ya umande hapakuwa na unyayo hata mmoja. Lakini mdomo wa shaba wa lile bomba ulikuwa umefifia kwa mvuke, kama vile mtu ameondoa kinywa chake pale sasa hivi.

Nikasimama pale. Nikaanza kufikiri kama mtu, kwa mara ya kwanza jioni ile.

Letty hakuwahi kujitaja jina. Mwezi mzima, kila siku, alisema neno moja, baridi. Kwa nini leo ajitaje? Na nani huwa anamwambia baba yake jina lake mwenyewe?

Etty.

Hetty.

Sikumbuki nilivyopanda. Nakumbuka nimemshika daktari ukosi wa koti, mimi mtumishi, namtikisa. "Alikuwa anasema Hetty. Hetty, bwana. Chukua mkoba."

Hakuuliza. Tuliteremka mtaa ule tukikimbia, mzee wa miaka sitini na mwanamke mnene, tunagongana na watu kwenye ukungu. Njia nzima nilikuwa nahesabu. Dakika tulizokaa tukiitazama chai. Dakika za kitambaa.

Tulipoingia, Hetty alikuwa bado na joto.

Midomo ilikuwa ya buluu na macho yamefumbuka. Daktari alipiga magoti, akampasua koo pale pale, akatia kijibomba cha fedha kwa mkono ambao haukutetemeka hata kidogo, akaweka mdomo wake, akavuta, akapuliza. Akavuta, akapuliza. Dorcas akanivuta mimi jikoni, akafunga mlango, maana nilikuwa napiga kelele ambazo mimi mwenyewe sikuzisikia.

"Kwa nini hukumwita?" nikamuuliza. "Nilikwambia usingoje. Kwa nini hukutuma mtu?"

Dorcas alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. "Nilitaka kutuma. Pumzi ilipoanza kulia nilivaa shali nitoke mwenyewe. Akanizuia. Akaniambia, mama mkubwa, usihangaike, Letty kashaenda kumwita."

"Letty gani?"

"Letty Sugden. Huyu wa jirani. Nilidhani Letty Sugden amechungulia nikiwa uani, wakaelewana. Nikakaa nikamshika mkono, Keziah. Nilikaa nawasubiri. Alikuwa na furaha. Anaangalia mlango, anasema, sasa hivi, wanakuja sasa hivi."

Letty Sugden tulimuuliza baadaye. Alikuwa kiwandani, kwenye mashine yake, mpaka saa kumi na mbili. Watu hamsini walimwona.

Mlango ukafunguliwa. Daktari alisimama pale, damu mdomoni. Hakuwa amesikia hata neno moja la yale ya jikoni. Alitingisha kichwa tu.

Tulimzika Hetty Alhamisi, mvua inanyesha. Nafasi ilikuwepo karibu na Letty, na daktari aliomba awekwe pale. Nilikubali.

Undugu wa London ukamwandikia kurasa nane. Kwamba lilikuwa ganda, kwamba liliita jina lake lenyewe, kwamba binti yangu kufa saa ile ilikuwa bahati mbaya, na yeye alitenda ipasavyo. Aliziamini zile kurasa kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika. Lakini hakuziamini sana. Kila mwaka siku ile ilipofika alinifuata jikoni, anakaa kwenye kiti changu.

"Keziah, mdomo wa bomba ulikuwa sikioni kwako. Alisema Letty, au alisema Hetty?"

"Sikusikia vizuri, bwana."

"Ni herufi moja tu."

"Najua, bwana. Sikusikia."

Anaitikia kwa kichwa, anapanda juu. Kifirimbi hakikulia tena saa ile, wala bomba halikuwa la baridi.

Sasa niseme la kwangu, maana hilo ndilo wasimuliaji wa mjini hawalijui. Kweli sikuisikia ile herufi. Lakini maneno ya Dorcas niliyasikia yote, na sikumpa. Neno moja tu, Letty kashaenda kumwita, lingemtosha. Angejua kwamba mwanawe yupo, ana akili zake, ana upendo wake, na alishuka kwenye baridi ile kwa ajili ya mwenzake. Angejua pia kwamba alimfungia mlango. Lakini angekuwa naye.

Dorcas nilimwapisha anyamaze.

Nilimwonea kijicho. Ndiyo, nasema hivyo hivyo. Nilimpa maziwa ya mwanangu, nikampa ujana wangu, na kidole gumba kilichoziba bomba kilikuwa changu kwa amri yake. Sikutaka nimpe na hili. Nilimwona akizeeka akiwa hana hakika kama ana mtoto mbinguni au ana koti tupu, na nikampelekea chai saa kumi na nusu kila siku, kwa adabu zote.

Naye alizidi kuwa mwema. Hilo ndilo lililoniudhi. Alitembea usiku na mchana kwenye mitaa ya maskini na kile kijibomba chake cha fedha. Watoto thelathini na kitu wanaishi leo kwa ajili yake.

Alilala na kichomi Januari iliyopita. Siku ya tano alikuwa hawezi tena kuinua kichwa, na mchana ule, theluji ikimwaga nuru nyeupe chumbani, akaniuliza tena. Hakusema swali zima. Alisema tu, "Ile herufi, Keziah..."

Nikamwambia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake nikamwambia yote, jikoni, Dorcas, Letty Sugden kiwandani, macho ya Hetty kwenye mlango. Sasa hivi, wanakuja sasa hivi.

Uso wake ulibadilika. Sikuwa nimeuona vile tangu Letty yuko hai, anapiga piano chini na kuikosea.

"Alikuja kwa ajili ya mwenzake," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Roho ndiyo inayopenda."

"Ndiyo, bwana."

Alilia kwa furaha, kimya kimya, na mimi nikamfuta. Kisha akanigeukia polepole, na nikaona ile furaha inaondoka usoni mwake, na kitu kingine kinaingia. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Miaka saba, Keziah?"

Nikakunja kitambaa nilichomfutia.

"Dorcas alikwambia jioni ile ile?"

"Jioni ile ile."

Akageuza uso ukutani. Nilimwita mara nyingi. Nilimwomba radhi kwa magoti. Alikuwa hai mpaka alfajiri, namsikia anahema, na hakuniambia neno jingine.

Mama Ormerod bado yuko. Amezeeka, lakini meza yake bado inagonga Jumapili jioni, na wiki iliyopita alinishika mkono sokoni kwa huruma. "Njoo, dada," akasema. "Tumwite. Umwombe radhi, akusamehe, upumzike."

Nimekataa. Nikimwita asije, nitajua jibu lake. Na akija, akasema kwa sauti yake ile ninayoijua, nimekusamehe, Keziah, sitajua ni nani aliyenisamehe, yeye au koti lake.